PTO ya Massey Ferguson haivuti: uliza mikono ya nyuma kabla hujapasua trekta

Msimu mmoja wa mavuno, upande wa Kibaigwa, tajiri mmoja alinipigia simu alfajiri. MF 135 yake ilikuwa imefungwa mashine ya kupukuchua mahindi, marundo yamejaa uwanjani, wateja wamekaa juu ya magunia matupu, na PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, haizunguki. "Fundi, klachi imekufa. Njoo na pleti kabisa." Nikaenda na pleti. Siku mbili nikapasua trekta katikati, nikakuta pleti ya zamani bado nene, nikafunga mpya hivyo hivyo kwa sababu nilishaibeba, nikarudishia kila kitu, nikawasha. PTO haizunguki.

Dereva akalisogeza trekta kupisha lori. Lilipoanza kutembea tu, ncha ya PTO nayo ikaanza kuzunguka. Liliposimama, ikasimama. Tandiboi alikuwa amekanyaga leva ya PTO akipanda, ikahamia upande wa mwendo wa magurudumu, ambako PTO huzunguka trekta likitembea tu. Mzee mwenye trekta akanitazama kwa upole: "Sasa fundi, hiyo pleti uliyoitoa ilikuwa na kosa gani?"

Kilichoniuma ni kwamba asubuhi nilipofika, dereva aliinyanyua mashine kwa mikono ya haidroliki ya nyuma ya trekta mbele ya macho yangu, ikapanda bila kusita. Jibu nilikuwa nalo kabla sijashika spana.

Maelezo haya ni ya MF 135, trekta lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na ndugu zake wenye klachi ya aina hiyo hiyo, kama MF 35 na nyingi za MF 240. Ukiielewa klachi yake, utajua lini upasue na lini uache.

Klachi mbili ndani ya sufuria moja

Ndani ya nyumba ya klachi kuna pleti mbili. Ya kwanza, iliyo karibu na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), ndiyo kubwa. Inazungusha shafti ya ndani inayokwenda gia boksi, kisha magurudumu. Ya pili ni ndogo na imejificha nyuma yake, ndani ya kava. Hiyo inazungusha shafti ya nje, yenye uwazi kama bomba, ambayo shafti ya kwanza inapita katikati yake. Kwenye 135 nyingi kubwa ni ya inchi 11 na ndogo ni ya inchi 9, lakini pima ya kwako, maana matrekta haya yameshachanganywa spea miaka mingi.

Ukikanyaga pedali nusu, pleti kubwa inaachia na trekta linasimama, lakini PTO inaendelea. Ukikanyaga mpaka chini, vidole vya klachi (leva ndogo zinazosukumwa na beringi ya klachi) vinamaliza uwazi mdogo ulioachwa kwa makusudi, vinaivuta na presha pleti ya pili (chuma kinachokandamiza pleti ndogo), na PTO inasimama.

Sasa shika hili, kwa sababu uchunguzi wote umesimama juu yake: pampu ya haidroliki ya mikono inazungushwa na shafti ile ile ya pleti ndogo. Leva ya PTO iko nyuma ya pampu. Kwa hiyo nguvu ikitoka kwenye injini inapita pleti ndogo, inafika kwenye pampu, ndipo inakuja kwenye leva na ncha ya PTO. Mikono ya nyuma ni shahidi aliyekaa katikati ya njia.

Kuna 135 zenye klachi moja tu. Hizo ukikanyaga pedali kila kitu kinasimama pamoja, na dereva mgeni anaweza kudhani ni ugonjwa. Muulize mwenye trekta kama liliwahi kusimama huku PTO ikizunguka. Kama halijawahi, usitafute pleti ya pili ambayo haipo.

PTO haizunguki kabisa

Vua propela (shafti inayounganisha trekta na mashine) kwanza, uiangalie ncha ya PTO ikiwa peke yake. Kama ncha inazunguka na mashine ilikuwa imesimama, trekta halina kosa: bolti ya usalama ya propela imekatika, au krosi imevunjika. Hii hutokea zaidi ya watu wanavyokubali.

Ncha ikiwa imesimama kweli, washa injini, acha pedali, nyanyua mikono ikiwa na plau au mzigo wowote wa maana.

Mikono ikipanda, pleti ndogo inafanya kazi na kosa liko nyuma ya pampu. Angalia leva iko upande gani. Itingishe: kama inaelea bila kushika popote, uma wake wa ndani umechomoka au umelika. Leva ikishika vizuri na ncha bado imesimama, shafti ya PTO ya nyuma imekatika au meno ya kiungio chake yameisha. Hiyo ni kazi ya nyuma, na trekta halipasuliwi katikati.

Mikono ikikataa na PTO ikakataa kwa pamoja, sasa una haki ya kushuku klachi: pleti ndogo imeisha, kitovu chake kimechanika kutoka kwenye pleti, au meno ya shafti ya nje yamelika.

Mikono ikikataa lakini ncha inazunguka kwa nguvu, achana na klachi. Angalia kiwango cha oili, kisha pampu na vali zake.

PTO inazunguka lakini mzigo ukiingia inalegea

Hapa ndipo fedha za watu hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Funga mashine, ingiza PTO injini ikiwa mwendo wa chini, pandisha mafuta taratibu, kisha tia mzigo. Sikiliza injini, usiitazame mashine. Kama injini inazama na kutoa moshi mweusi huku mashine ikipungua, klachi inashika vizuri sana. Tatizo ni mzigo mkubwa, chujio la hewa lililoziba au injini iliyochoka. Kama injini inaendelea kuimba sauti ile ile huku mashine inapungua na unasikia harufu ya kitu kama brek za lori mteremkoni, klachi inateleza.

Usitegemee mikono pekee hapa. Kunyanyua plau ni kazi ndogo ukilinganisha na kupukuchua mahindi. Pleti inayoteleza kidogo bado itanyanyua plau vizuri. Mikono inakuambia kosa liko sehemu gani, haikuambii pleti imebaki na nguvu kiasi gani.

Klachi inapoteleza, anza na pedali. Ikandamize kwa mkono. Lazima iwe na mwanya mdogo wa kucheza kabla hujahisi uzito wa springi. Pleti kubwa inavyolika, vidole vinasogea kuifuata beringi ya klachi, na mwanya ule unapungua mpaka unakwisha. Siku unapokwisha, beringi inakuwa imeegemea vidole muda wote, ni sawa na dereva anayeweka mguu juu ya pedali kutwa nzima. Rekebisha fimbo ya pedali kwanza, na jaribu tena. Nimeshaona trekta likipona kwa nati mbili.

Pili, fungua kifuniko cha ukaguzi kwenye nyumba ya klachi, uzungushe injini kwa mkono mpaka uone skrubu za PTO moja moja, zile zinazoweka ule uwazi mdogo. Ziko tatu. Kati ya kila skrubu na presha pleti lazima kuwe na uwazi. Kwenye 135 ya inchi 11 tunaweka milimita 2, zote sawa. Kama hakuna uwazi kabisa, skrubu zimeizuia presha pleti isikandamize pleti ndogo, nayo itateleza hata ikiwa mpya. Kuna fundi aliyekaza skrubu hizo akidhani "anakaza klachi". Kumbe alikuwa anaifungua.

Tatu, angalia chini ya nyumba ya klachi. Kuna tundu dogo lenye kotapini inayoning'inia na kuchezacheza ili tundu lisizibe tope. Tundu likiwa kavu, vizuri. Likidondosha oili nyeusi, nyepesi, sili ya nyuma ya injini inavuja. Injini hizi za Perkins za silinda tatu za zamani zina sili ya kamba pale nyuma, na hiyo ikichoka huvuja taratibu bila kelele. Oili ikiwa ya rangi ya asali na nzito kidogo, inatoka gia boksi, kupitia sili za shafti. Kama kotapini haipo na tundu limeziba, lizibue ukiwa umeweka chombo chini. Utakachokiona ndiyo ripoti ya daktari. Pleti iliyolowa oili haiponi kwa kuoshwa na petroli. Itashika wiki moja, ikipata joto oili iliyonywewa itatoka tena.

Kama pedali iko sawa, uwazi uko sawa, tundu ni kavu, na bado inateleza, pleti imekwisha au springi ya kava imechoka. Pasua.

PTO haisimami hata ukikanyaga mpaka chini

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Kaa kwenye kiti, injini ikiwa chini, mikono imeshuka, kanyaga pedali mpaka mwisho, subiri sekunde chache, vuta leva ya kunyanyua. Mikono isipande. Ikipanda, pampu bado inazunguka, maana yake pleti ndogo haijaachiwa. Kisha fanya hivyo kwa nusu pedali: sasa lazima ipande. Ikikataa kupanda kwa nusu pedali, uwazi wa skrubu ni mdogo mno na PTO inaachiwa mapema.

Kama haiachii, sababu ya kawaida ni uwazi kuwa mkubwa mno, au pedali kuwa na mchezo mwingi kiasi kwamba inafika chini kabla ya vidole kumaliza safari. Angalia pia kama pedali inazuiwa. Niliwahi kukuta mkeka wa mpira umekunjwa chini yake, na mwingine aliweka jiwe pembeni akalisahau.

Trekta lililolala masika yote bila kuwashwa lina ugonjwa wake: pleti inagandana na chuma kwa kutu. Usikimbilie kupasua. Liwashe, lipate moto, kanyaga pedali mpaka chini, tia PTO ikiwa na mashine nzito yenye uzito wa kuzuia, kisha cheza na mafuta juu chini. Mara nyingi itaachia kwa mlio mmoja mkavu. Kwa pleti kubwa iliyoganda watu huendesha uwanjani wakikanyaga pedali na brek kwa pamoja. Inafanya kazi, lakini uwanja uwe mpana na usiwe na watoto. Msimu ujao, ukiliegesha muda mrefu, weka kipande cha ubao kuizuia pedali chini.

Kilichobaki ni pleti iliyopinda, au meno ya shafti yaliyochimbika mpaka pleti haiwezi kuteleza kurudi nyuma. Hayo yanaonekana ndani tu.

Na neno moja la usalama, silirudii: PTO ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Kitenge, shati lililofunguliwa, kamba ya gunia, havikupi muda wa kupiga kelele. PTO isiyosimama haitumiki hata kwa "gunia moja tu la mwisho".

Kelele na kutetemeka

Kelele ikija ukikanyaga pedali na kupotea ukiiachia ni beringi ya klachi. Ikiwepo pedali ikiwa juu na kupotea ukikanyaga ni beringi za gia boksi. Kelele nyembamba inayokuja pedali ikiwa chini na gia imeingia, hiyo ni ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Bei yake ni ndogo, lakini iko mahali ambapo lazima upasue, ndiyo maana nasema kila unapopasua uibadilishe bila kuiuliza.

Trekta linaloruka kama mbuzi unapoachia pedali lina oili kwenye pleti, flaiwili iliyoungua madoa ya bluu, au vidole visivyo sawa urefu.

Ukishaamua kupasua

Tafuta sakafu ngumu na usawa. Kabla ya bolti yoyote, pigilia kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na mwili wa trekta. Ekseli ile inacheza katikati yake, na injini ikibaki peke yake bila kabari italala upande mmoja. Weka mawe magurudumu ya nyuma, jeki na magogo chini ya gia boksi, jeki ya magurudumu chini ya injini. Fungua fimbo za stelingi, bomba la dizeli, nyaya, fimbo ya mafuta, kebo ya mita. Piga picha kila kitu kwa simu. Halafu nusu ya mbele inasukumwa mbele.

Vumbi la pleti za zamani usilipulize kwa kompresa. Pleti za miaka ile zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa tupa.

Kabla hujatoa kava, gonga alama ya patasi kwenye kava na flaiwili, na baadaye kwenye presha pleti zote mbili, ili zirudi zilivyokaa. Zikibadilishana nafasi, mtetemo utakaousikia utautafuta mwezi mzima. Kufungua kava lenyewe ni kazi ya kuheshimu: ndani kuna springi yenye nguvu ya kuvunja mkono. Tumia bolti tatu ndefu zenye nati, uzilegeze kwa zamu, nusu mzunguko kila moja. Mwenye presi atumie presi.

Pima pleti kwa kucha. Pitisha kucha juu ya riveti: ikizama vizuri, pleti bado inaishi. Ikigusa kichwa cha riveti bila kuzama, imekwisha. Kupiga lainingi mpya kwenye pleti kubwa nakubali kama kitovu na springi zake havichezi. Kwenye pleti ndogo ya PTO sikubali: ndiyo inayobeba mashine saa kumi kwa siku bila kupumzika, na kazi ya kupasua ni ile ile ikifeli. Unaponunua mpya, chukua ya zamani dukani uhesabu meno ya kitovu. Usiamini neno "hii ni ya Massey".

Flaiwili yenye madoa au mifereji ipelekwe kwa fundi wa lathe. Kama uso wa pleti uko chini ya uso unaofungiwa kava, mwambie apunguze zote mbili kiasi kile kile, la sivyo kava litakandamiza pungufu. Badilisha sili ya injini na sili za shafti zote mbili, ile iliyo kati ya shafti ya ndani na ya nje ikiwemo. Hiyo ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayolowesha pleti mpya mwezi wa pili.

Kupanga pleti mbili katikati kunahitaji shafti ya kupangia. Mimi ninayo ya mti wa mninga, aliichonga seremala kwa kipimo cha shafti ya zamani: ncha nyembamba kwa beringi ya flaiwili, unene wa pili kwa pleti kubwa, wa tatu kwa ndogo. Imeshafunga klachi nyingi kuliko spana zangu nyingine. Kisha weka uwazi wa skrubu tatu kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia uwazi), na vidole viwe urefu mmoja. Klachi mpya ikija na karatasi ya vipimo, fuata karatasi.

Kuunganisha ndiko kunakofundisha uvumilivu. Nusu mbili zikisogeleana, meno ya shafti ya ndani yanaweza kukataa: ingiza gia, mtu azungushe gurudumu la nyuma lililonyanyuliwa, taratibu. Meno ya shafti ya nje yakikataa, weka leva ya PTO upande wa injini na zungusha ncha ya nyuma kwa spana. Zitaingia. Ukibaki mwanya wa sentimita mbili usiuvute kwa bolti. Hapo ndipo nyumba za klachi hupasuka na pleti mpya hupinda hata kabla ya kuwashwa.

Rekebisha mwanya wa pedali, washa, ingiza na toa PTO mara ishirini au thelathini bila mzigo mzito ili pleti zilalane na chuma. Halafu rudi kwenye kiti: pedali nusu, mikono ipande. Pedali chini, mikono igome. Ndipo umwite tandiboi afunge propela, na umwonyeshe leva ya PTO ilipo ili asiikanyage tena.